Reli ya Lamu haijalazwa, lakini mipaka ya polisi wake iandikwe sasa

Ukikaa barazani Mkunguni, mbele ya ngome ya Lamu, ukataja polisi wa reli, jibu la kwanza utakalopewa ni la mzaha: reli yenyewe iko wapi? Nalo ni jibu la haki. LAPSSET, mradi wa bandari, barabara, reli na bomba la mafuta, ilizinduliwa hapa kwetu Machi 2012, marais Mwai Kibaki na Salva Kiir wakiwapo pamoja na Waziri Mkuu wa Ethiopia, Meles Zenawi. Gati ya kwanza ya bandari ikafunguliwa Mei 2021. Reli ya kutoka bandarini kwenda Isiolo, kisha Sudan Kusini na Ethiopia, haijalazwa hata taruma moja. Jibu la pili halina mzaha ndani yake. Ni la mtu aliyechoka: askari tena?

Mimi niko upande usiopendwa sana katika mabaraza yetu. Naona reli ikija, Lamu itahitaji polisi wa reli, na itawahitaji kuliko Mombasa. Lakini wanaosema "askari tena" wasikilizwe kwanza, maana hawasemi kwa ukaidi.

Anayepanda basi la Mombasa kuja Mokowe anaijua Gamba, kizuizi cha polisi njiani. Basi linasimama, abiria wote chini, foleni, kipande (kitambulisho) mkononi. Mama mwenye mtoto mgongoni anapekua pochi, inatoka kadi ya kliniki, inatoka leso, inatoka risiti ya duka, kipande hakionekani na foleni nyuma yake inaguna. Aliyesimama mbele yake ana sare na bunduki. Ni polisi wa kawaida, ni AP (polisi wa utawala), ni GSU (kikosi cha kutuliza ghasia) au ni mwanajeshi? Abiria haulizi. Hajui askari huyo ana haki ya kumzuia kwa muda gani, wala akitaka kulalamika aanzie wapi. Akiuliza ataonekana ana lake jambo.

Na historia ya karibu haisahauliki. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni Juni 2014, ambako zaidi ya watu 60 waliuawa, kaunti iliwekewa kafyu. Wavuvi walikatazwa kuvua usiku kwa miaka, kwa sababu za usalama, na mvuvi wa jarife ukimnyima usiku wa kiza umemnyima kazi. Mwaka 2018 Mahakama Kuu, katika kesi ya bandari, iliamuru wavuvi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, fedha ambazo zinatosha kuonyesha kwamba malalamiko ya watu wa Lamu juu ya mradi huu hayakuwa porojo. Kwa hiyo mtu wa Amu, yaani Lamu, akisikia kikosi kipya, anachohesabu kwanza ni atakatazwa nini.

Wako pia wanaopinga kwa hoja ya sheria. Wanasema Katiba, Ibara ya 243, imeunda Huduma ya Taifa ya Polisi yenye Polisi wa Kenya na Polisi wa Utawala, basi. Mageuzi ya 2018 yakaleta ndani ya AP kikosi cha kulinda miundombinu muhimu. SGR, reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi, nayo ina polisi wake tangu treni za abiria zianze mwaka 2017. Ya nini kuzungumza juu ya mamlaka ya polisi wa reli kana kwamba ni jambo geni?

Shida yangu na hoja hizi zote mbili ni kwamba askari wa reli anabebeshwa makosa ya askari wengine. Kafyu haikuletwa na polisi wa reli. Marufuku ya kuvua usiku haikuletwa na polisi wa reli. Foleni ya barabarani si yake. Ukimkataa yeye, hao wengine wanabaki palepale, na reli ikifika italindwa nao, tena kwa desturi zilezile ambazo zimetuchosha.

Tukumbuke pia kwamba polisi wa nchi hii chimbuko lao ni ghala na reli. Kampuni ya Imperial British East Africa ilikuwa na askari wa kulinda bohari zake Mombasa, na ilipofika 1902 palikuwa na vikosi Mombasa, Nairobi na Kisumu ambavyo kazi yao ilikuwa kulinda reli na vifaa vyake. Kampuni hiyohiyo sisi tunaijua kwa upande mwingine. Waingereza walipouchoma mji wa Witu Oktoba 1890, ni kampuni hiyo iliyokabidhiwa utawala wa Witu mwaka uliofuata, ikashindwa, ikajitoa 1893. Kule bara, Wanandi walikuwa wakikata nyaya za simu na kung'oa vyuma vya reli, na Oktoba 1905 Waingereza wakamuua kiongozi wao, Koitalel arap Samoei. Reli katika Afrika Mashariki ilipita na bunduki pembeni yake tangu taruma la kwanza. Anayedhani atapata reli bila askari anaota. La kuamua ni askari wa aina gani, na mkono wake ufike wapi.

Kazi yenyewe wengi hawaifahamu. Polisi wa kawaida ana kituo, kituo kina eneo, na kosa likitokea linaandikwa kwenye OB (daftari la matukio) ya kituo hicho. Treni inaharibu hesabu hiyo yote. Mtu anaibiwa simu baina ya Voi na Mtito Andei, anagundua amefika Emali, mwizi ameshashuka zamani. Aende kituo gani? Kila mkuu wa kituo atamwambia kosa halikutokea kwake. Huku kwetu itakuwa tabu zaidi, kwa sababu reli ya Lamu hadi Isiolo ni ya zaidi ya kilomita 500, itapita katika nchi ambayo kati ya kituo kimoja cha polisi na kingine unaweza kwenda nusu siku. Katiba, Ibara ya 49, inasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au zikiishia nje ya saa za mahakama, kabla ya mwisho wa siku ya mahakama inayofuata, na aelezwe sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoifahamu. Mtu akikamatwa ndani ya treni baada ya Ijara usiku wa Ijumaa, nani anamshika, selo iko wapi, na saa 24 zinahesabiwa kutoka wapi? Polisi mwenye eneo moja refu, ambalo ni njia ya reli yenyewe, anaweza kulijibu swali hilo. Polisi wa vituo kumi tofauti watalirushiana.

Wamarekani waliligundua hili mapema, kwa sababu reli zao zinavuka majimbo. Kule kampuni kama Union Pacific na BNSF zina polisi wao wenyewe, wameajiriwa na kampuni, wanapewa mamlaka na jimbo, na wanakamata watu kama polisi mwingine yeyote. Ilibidi sheria ya shirikisho ya 1990 iruhusu afisa aliyepewa mamlaka katika jimbo moja kufanya kazi katika jimbo jingine ambako kampuni yake ina mali. Bila hivyo mwizi alikuwa anavuka mpaka wa jimbo, askari anabaki kumtazama.

Halafu kuna usalama wa reli wenyewe, ambao haufanani na usalama wa barabara. Treni ya mizigo iliyojaa, ikiwa kwenye mwendo, inaweza kuhitaji kilomita moja au zaidi kusimama. Askari asiyejua hilo anaweza kumfukuza mtuhumiwa akampeleka kwenye njia ya reli, yeye na mtuhumiwa wote wakasagwa. Anatakiwa ajue ampigie nani ili treni isimamishwe, ajue taa ya ishara inasema nini, ajue kwamba kipande kidogo cha chuma kilichong'olewa ni hatari kuliko behewa zima lililovunjwa. Biashara ya vyuma chakavu tunaijua. Januari 2022 serikali iliipiga marufuku nchi nzima baada ya uharibifu wa miundombinu ya umeme. Reli ni chuma kilicholala nje usiku kucha. Na katika kaunti ambako wajenzi wa barabara ya Lamu hadi Garissa wameshambuliwa, kukagua njia kabla treni haijapita ni kazi ya mtu anayeijua njia hiyo nati kwa nati. Askari anayeletwa kwa miezi mitatu kisha akahamishwa hawezi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limenishughulisha kuliko yote, nalo ni mita 500.

Kanada wana sheria ya usalama wa reli inayoruhusu kampuni ya reli, kwa mfano CN, kupeleka jina la mtu kwa jaji, naye jaji akamteua kuwa konstebo. Mshahara wake unatoka kwa kampuni. Kwa sikio la mtu wa Lamu hilo linatisha, na tutafika huko. Lakini soma masharti. Konstebo huyo ana mamlaka kwenye mali ya kampuni na mahali popote palipo ndani ya mita 500 kutoka kwenye mali hiyo. Hapo ndipo mwisho wake. Isitoshe, hata akiwa ndani ya mita hizo, hasimamii sheria zote kwa kila jambo. Anasimamia sheria kwa kadiri inavyohusu kulinda mali ya kampuni, na kulinda watu na vitu vilivyo kwenye mali hiyo. Yaani ana nyua mbili, ua wa mahali na ua wa kazi, na ili awe halali lazima awe ndani ya zote mbili kwa wakati mmoja.

Hebu tuipime mita 500 kwa macho ya Lamu. LAPSSET yenyewe imepangwa kama ushoroba wenye upana wa mita 500, wa kupitishia barabara, reli, bomba la mafuta na nyaya za umeme. Namba zimegongana tu, lakini zikijumlishwa zina matokeo. Tuseme shirika la reli likapewa ushoroba wote kuwa mali yake. Ongeza mita 500 kila upande na unapata ukanda wa kilomita moja na nusu. Kila kilomita 100 za reli zitakuwa zimebeba kilomita za mraba 150, sawa na hekta 15,000, ambamo askari wa reli anaweza kumsimamisha mtu. Ndani ya ukanda huo watakuwamo wakulima wa Hindi, huku Lamu bara, na mahindi yao, Waboni wanaoingia msituni kutafuta asali, wafugaji wanaoshusha ng'ombe kutoka Ijara wakati wa kiangazi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyepanda treni. Lakini tuseme shirika likapewa tuta la reli peke yake, mita chache tu kutoka ukingo hadi ukingo, na ukanda huo unapungua kwa thuluthi. Kwa hiyo maneno mawili katika hati ya ardhi, nani mwenye nini, yanaongeza au kupunguza hekta elfu tano za mamlaka ya polisi, na sijasikia yakijadiliwa kokote.

Tuje mjini. Mji wa kale wa Lamu, ule ulioingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, una ukubwa wa karibu hekta 16. Duara lenye nusu kipenyo cha mita 500 lina hekta 78 na nusu. Maana yake ni kwamba shirika la reli likikodi chumba kimoja tu cha kukatia tiketi pale pwani karibu na Mkunguni, na sheria yetu ikanakili ya Kanada neno kwa neno, karibu mji wote, kutoka Langoni hadi Mkomani, utakuwa umeingia katika eneo la polisi wa reli. Mji ambao gari ni la kuhesabu na usafiri ni punda, utakuwa na polisi wa treni kwenye vichochoro vyake, na treni yenyewe iko ng'ambo bara. Nimeliwaza hili mara nyingi na kila mara nacheka kwanza.

Ila baada ya kucheka, ua wa pili unafanya kazi yake. Kwa sheria ile, askari huyo akiwa Langoni na akaona vijana wanagombana kwa sababu ya karata, hana lake. Hawalindi reli kwa kuwatawanya. Akimfuata mtu aliyeiba boliti za reli akazificha kwenye banda pale Langoni, hapo anayo kazi. Mstari huo unaweza kusomwa mahakamani. Wakili anaweza kumuuliza askari kizimbani: ulikuwa umbali gani kutoka kwenye mali ya reli, na ulichokuwa unakifanya kilihusu nini reli? Maswali mawili tu, na kesi inaweza kufa hapo.

Sasa linganisha na tulichonacho. Afisa wa polisi wa Kenya, chini ya Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, ni afisa kila mahali ndani ya nchi. Akipangiwa kazi kwenye reli, neno reli ni la zamu yake. Mamlaka yake hayapungui hata mita moja. Yule wa Gamba na yule atakayesimama kwenye stesheni ya Lamu, kwa sheria ilivyo, wana nguvu zilezile. Watu wanaoogopa polisi wa reli kwamba wataongezewa mamlaka wamegeuza mambo. Polisi wa reli wa kweli, aliyewekewa nyua kwa maandishi, angekuwa askari mwenye mamlaka madogo kuliko wote ambao Lamu imewahi kuwaona. Hili ndilo ninalotaka lieleweke barazani.

Je, basi tuchukue mfumo wa Kanada mzima, na askari waajiriwe na kampuni? Hapana, na hapa wapinzani wana haki kuliko wanavyojua wenyewe.

Februari 2019, karibu na kijiji cha Field katika milima ya British Columbia, treni ya mizigo ya Canadian Pacific iliyokuwa imesimama kwenye mteremko ilianza kwenda yenyewe, ikatoka relini, wafanyakazi watatu wakafa. Waliochunguza kama kuna jinai ni polisi wa kampuni hiyohiyo. Mmoja wa wapelelezi wao akajitokeza baadaye akasema alizuiwa kufuata ushahidi, na mwisho wa 2020 polisi wa taifa, RCMP, wakafungua uchunguzi wao. Fikiria familia ya dereva yule. Aliyekuja na daftari kuandika maelezo yao anapokea mshahara kutoka mahali palepale alipokuwa akipokea marehemu. Nyua mbili zilikuwapo, jaji alimteua, sheria iko safi, lakini mfuko unaomlipa ndio ule ambao anatakiwa auchunguze.

Pennsylvania, Marekani, mambo yalikuwa mabaya kuliko hayo. Sheria ya 1865 iliruhusu kampuni za reli kuwa na polisi wao; mwaka uliofuata ikapanuliwa kwa migodi ya makaa ya mawe na viwanda vya chuma. Kampuni ililipa dola moja kwa kila askari, na serikali ikampa mamlaka. Dola moja. Askari hao wakawa fimbo ya kuwapigia wafanyakazi waliogoma, miaka nenda miaka rudi, hadi mwaka 1929 mchimbaji mmoja alipopigwa mpaka akafa na watu wakasema basi. Gavana Gifford Pinchot akawaondoa 1931. Miaka zaidi ya sitini ilipita tangu dola ile ya kwanza. Ukiwa na bandari ambayo siku moja huenda ikaendeshwa na kampuni binafsi, na reli ya kampuni nyingine, na vibarua vijana wa Lamu wakiomba nyongeza ya mshahara getini, Pennsylvania haiko mbali.

Kwa hiyo ningechukua nyua za Kanada, mfuko ningeutafuta kwingine. Waingereza wana British Transport Police. Kampuni za treni ndizo zinazochangia sehemu kubwa ya gharama, lakini tangu 2004 kikosi kinasimamiwa na mamlaka yake maalumu, na afisa hapokei amri kutoka kwa meneja wa kampuni. Anayelipa halipii amri. Wahindi wamekwenda njia nyingine, wamegawa kazi: kikosi kinachoitwa RPF, cha sheria ya 1957, kiko chini ya serikali kuu na kinalinda mali ya reli, na polisi wa reli wa majimbo, GRP, wanashughulikia jinai zinazowapata abiria. Inaonekana nadhifu kwenye karatasi. Kwa abiria aliyeibiwa begi ni mtihani, kwa sababu mwenye sare aliye karibu naye huenda si wake, na akamwelekeza dirisha jingine. Mfumo huo sitamani uletwe Lamu. Tayari tuna sare za kutosha za kubahatisha.

Kuna jambo jingine dogo ambalo wakubwa hawaligusi. Abiria wa Lamu na Malindi wanaopanda SGR huteremka Mombasa, wakaenda Miritini. Kabla ya kuingia stesheni, mabegi hupangwa chini kwa mstari, abiria husogezwa kando, mbwa akapitishwa kunusa. Kwa usalama sina neno, mbwa anajua kazi yake. Lakini mama aliyetoka Amu na kikapu cha halua na samaki wa kukaanga wa kumpelekea mwanawe Nairobi anamtazama mbwa yule kwa roho juu. Sisi wa madhehebu ya Shafi, pua yenye unyevu ikigusa kikapu ni najisi, na kuoshwa kwake ni mara saba, moja kwa udongo. Utawasikia kina mama pale kando wakiulizana, "Kimegusa changu au chako?" Kuweka meza moja ya vikapu vya chakula, vikakaguliwa kwa mashine au kwa mkono, hakuhitaji bajeti. Kunahitaji askari anayewajua abiria wake. Ibara ya 31 ya Katiba inalinda mtu asipekuliwe yeye wala mali yake, na ukaguzi wa stesheni unaweza kutetewa kwa kuwa kila mtu anajua umewekwa kwa nini. Lakini namna ya kuufanya inaachwa kwa askari, na askari aliyezoea kizuizi cha barabarani ataufanya kama kizuizi cha barabarani.

Nani basi atamsimamia askari huyu wa nyua mbili? IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia polisi, ipo kwa sheria ya 2011, na faida kubwa ya kumwacha polisi wa reli ndani ya Huduma ya Taifa ya Polisi ni kwamba IPOA inamfikia. Angekuwa wa kampuni, isingemfikia. Tatizo ni umbali. Ofisi zake zilizo karibu nasi ziko Mombasa na Garissa, na mchungaji wa Ijara aliyepigwa kwa sababu ng'ombe wake walipanda tuta la reli hatapanda gari siku nzima kwenda kulalamika, akaacha ng'ombe. Stesheni zenyewe zinaweza kubeba kazi hiyo: dawati la malalamiko ambalo halikaliwi na polisi, na kila anayekamatwa kwenye reli apewe karatasi yenye nambari ya OB, jina la afisa, na umbali kutoka relini mahali alipokamatwa. Hilo la mwisho litaonekana la ajabu kwa maafisa. Ndilo ninalolitaka kuliko yote, maana askari anayejua ataandika mita atazipima kabla ya kumshika mtu.

Sheria ileile ya polisi ya 2011 ina Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, gavana akiwa mwenyekiti, na wananchi wana viti ndani yake. Kazi ya kwanza ya chombo hicho Lamu ingekuwa kudai ramani ya reli yenye mpaka wa mali ya shirika na mpaka wa mamlaka ya polisi wake, mistari miwili kwa rangi mbili, ibandikwe Mokowe, Hindi na Ijara kabla ya zabuni ya mataruma kutangazwa. Na ofisi ya tiketi, kama itakuwapo mjini Amu, iandikwe wazi kwamba haihesabiwi katika kupima mita 500.